Mzee Mgongo na Taa za Nyuma

Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho. Bandani, na hata dukani alikonunua mkate, aliitwa Mzee Mgongo, na wala hakuwa na kibyongo. Jina lilitokana na kazi. Nguruwe jike akishatenganishwa na vitoto vyake, hukaa siku tano, sita, ikizidi wiki, kisha mwili wake huamka akataka dume. Sasa utajuaje kama anataka? Nguruwe hatumi posa. Unamwendea kwa nyuma, unamwangalia kama amevimba na kuwa mwekundu, halafu unambonyeza kiunoni kwa viganja viwili. Kama bado, atakusukuma uende pembeni ukahesabu meno yako. Kama yuko tayari, anasimama tuli, masikio juu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Hapo ndipo unamletea dume. Mzee alikuwa na miaka kumi na tisa ya kubonyeza migongo, na shambani pale hakuna aliyemfikia.

Banda la majike lilikuwa refu kama treni iliyokosa injini. Vizimba ishirini upande huu, ishirini upande ule, katikati ujia wa saruji. Majike walikaa vichwa vimeelekea ukutani, kwenye vihori vya chakula, na makalio yameelekea ujiani. Kwa hiyo ukifungua mlango unapokewa na makalio arobaini. Madirisha yalikuwepo zamani, lakini upepo wa msimu wa baridi ulikuwa unawakohoza wanyama, yakapigwa mbao. Mwanga wote ulikuwa wa taa.

Nyuma ya banda, ukuta mmoja tu katikati, ndiko mzee alikolala. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, redio, na kabati la nguo ambalo nusu yake ilikuwa tupu tangu mkewe afariki, miaka sita nyuma. Dada za marehemu walikuja wakachukua nguo zake, wakamwachia nusu kabati isiyojua ifanye nini. Yeye naye hakutandaza vyake. Mashati yalibaki yamebanana upande mmoja, kama abiria wanaoogopa kugusa kiti cha mwenye tiketi.

Na kupika kwa mtu mmoja, jamani, ni hesabu isiyofundishwa shule yoyote. Ukipika kidogo kinaungua. Ukipika kingi unakula leo, kesho na kesho kutwa, mpaka chakula kinakuzoea. Mzee alikuwa akibishana na redio wakati anakula. Redio haikuwahi kukubali kosa.

Mwanawe wa kiume alifanya kazi mbali. Alipiga simu kila Jumapili saa nne asubuhi.

"Baba, mzima?"

"Mzima."

"Nguruwe wazima?"

"Wazima."

"Haya baba, nisalimie."

Amsalimie nani, hakusema. Lakini salamu ni amana, mtu hawezi kuila mwenyewe. Mzee alikuwa akizima simu, anavaa mabuti, anaingia bandani na kuzigawa. "Mwanangu anawasalimia." Makalio arobaini yakanyamaza kwa heshima.

Watu hawakumkimbia kwa ubaya. Ni harufu tu. Harufu ya nguruwe haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Inakaa kwenye nywele, kwenye kamba za viatu, kwenye noti za mfukoni. Akipanda basi, kiti cha ubavuni mwake kilibaki kitupu hata watu wakiwa wamesimama. Yeye alikuwa anaweka kofia yake hapo, ionekane kama ni mpango wake.

Katika majike wote, mmoja alikuwa na cheo: Shangazi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kugomba. Chakula kikichelewa anagomba, kikiwahi anagomba kwamba kimewahi. Sikio lake la kushoto lilichanika ujanani, na alikuwa mama wa vitoto sabini na kitu, wote wakiwa wametoka na ulimi wake. Mzee alipokuwa na jambo la kusema, alimwambia Shangazi. Hakuwa na mwingine wa kumwambia, na Shangazi angalau alikuwa anajibu.

Sasa sikia habari ya taa.

Zamani zilikuwa kumi na mbili, sita kila upande, zimening'inia karibu na ukuta, juu ya vichwa vya majike. Fundi wa kwanza aliziweka hivyo. Mzee alizikuta hivyo, akafanya nazo kazi miaka kumi na saba bila kuzifikiria, kama mtu asivyofikiria pua yake. Halafu macho yakaanza kumsaliti. Kwanza alidhani taa zimechafuka, akazifuta. Kisha akadhani balbu zimezeeka, akaomba mpya. Balbu mpya zilipokuja na ukungu ukabaki palepale, akajua ukungu unatokea upande wa pili. Alikwenda hospitali ya macho mara moja, siku ya mapumziko, amevaa shati la kupigwa pasi. Wakamtazama, wakamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, unafanyiwa upasuaji na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mzee akashukuru, akarudi, na wiki ileile akapanda ngazi akahamisha taa.

Zote kumi na mbili. Alizitoa ukutani akazileta juu ya ujia, kwa nyuma, akazishusha kwa waya mpaka zikawa karibu kugusa kofia yake, kila moja na kifuniko chake cha bati kinachosukuma mwanga chini. Sasa makalio yaling'aa. Mzee akiinama aliona wekundu, aliona uvimbe, aliona kila kitu ambacho kazi yake ilihitaji. Kule mbele, kwenye vihori, kulikuwa giza la pangoni, lakini kule mbele yeye alikuwa na shughuli gani? Chakula kilishuka kwa bomba.

Tajiri, yaani mwenye shamba, alikuwa mtu wa kuja Ijumaa na viatu visivyopenda tope. Alisimama mlangoni, akatazama ujia unaometameta, akasema, "Mzee, banda linang'aa siku hizi! Safi sana." Mzee alipokea sifa ile kwa mikono miwili. Ilikuwa sifa yake ya kwanza tangu mkewe amsifie namna anavyofunga mzigo.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika. Baada ya miezi kadhaa, jike mmoja alichelewa kushika joto. Siku ya saba hamna, ya kumi na tano hamna, ya thelathini hamna. Sheria ya shamba ilikuwa siku arobaini: ukipita hapo bila kutaka dume, wewe ni tasa, unapanda lori la Ijumaa kwenda machinjioni. Jike yule akapanda. Akafuata mwingine, na mwingine. Wale waliobaki nao walikuwa wamebadilika tabia. Walilala sana, walitafuna vyuma, na mtu akitokea ghafla nyuma yao walishtuka wakapigana na kuta. Mzee alibonyeza migongo mpaka viganja vikauma. Akawabadilishia dume, akawaongezea maji, akawaimbia. Kila Ijumaa aliyoandika msalaba mwekundu kwenye daftari la majike, jioni hakuwasha redio.

Ndani ya miaka miwili walikwenda kumi na mmoja. Na wiki ile ya habari hii, jike mwenye siku thelathini na nane alikuwa Shangazi.

Jumanne Tajiri alileta daktari wa mifugo, binti mwembamba mwenye sauti ndogo na mabuti makubwa. Mama Vitoto naye alikuja kuchungulia. Huyu alikuwa msimamizi wa banda la pili, la vitoto wanaonyonya. Mwanamke wa umri wa mzee, mjane kama yeye, mwenye mdomo usio na breki.

"Daktari," Mama Vitoto akasema, "mtazame na huyu mzee. Labda dume halikosi chochote, ila majike wamechoka kubonyezwa na mtu asiye na mke."

"Wewe nenda kwa vitoto vyako," mzee akamjibu.

"Vitoto vyangu vimelala. Vyako ndiyo havizaliwi."

Daktari hakucheka. Alitoa kidude kidogo, kama simu, akasema kinapima mwanga. Alikishika juu ya ujia, akasoma. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika banda lile. Alijipenyeza ubavuni mwa Shangazi, akaenda mpaka mbele, akachuchumaa kwenye kihori, kichwa chake sawa na kichwa cha nguruwe. Akakaa huko. Walimsikia akisema, kwa sauti ya kutoka kisimani:

"Huku sioni hata namba za kipimo."

Alipotoka, ana pumba kwenye nywele, akamgeukia Tajiri. "Bwana, nguruwe anajua kama kumekucha kwa macho, si kwa makalio. Mwanga ukimwingia machoni muda wa kutosha, mwili wake unapata habari kwamba siku ni ndefu, unaamka. Hawa wanaishi usiku. Taa ziende mbele, juu ya vichwa. Masaa kumi na sita ziwake, masaa nane zizime kabisa wapumzike. Siwezi kuapa kwamba ni taa peke yake, lakini ndipo ningeanzia."

Mzee Mgongo akainama akaokota ndoo yake ya maji.

Tajiri akakuna shingo. "Daktari, nakuheshimu. Lakini taa ni zilezile tangu tujenge. Miaka kumi na saba walishika vizuri tu, tena kwa mpigo. Mbona taa hazikuwadhuru wakati huo?"

Daktari akafikiri. "Zilikuwa hapohapo?"

"Zitakuwa wapi tena? Taa ina miguu?"

Daktari akamtazama mzee. Mzee akatazama ndoo. Ndoo haikumsaidia.

"Basi kama ni hivyo," daktari akasema polepole, "labda sababu ni nyingine. Damu, umri. Sijui."

"Umri," Tajiri akashika hapohapo. "Wamezeeka. Taa nitamwita fundi azihamishe mwezi ujao, haina hasara. Ila wa siku arobaini waende kama kawaida. Tasa ni tasa. Ijumaa huyu mwenye sikio bovu apande."

Wakatoka. Mzee akabaki na ndoo yake. Mtu mmoja tu duniani alijua kwamba taa zilikuwa na miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya kwake. Akisema, Shangazi anabaki. Akisema, wataulizia kwa nini alizihamisha, na jibu la swali hilo lina macho mawili mabovu ndani yake. Nani anamwachia kipofu majike arobaini? Atatolewa bandani. Na nje ya banda lile alikuwa na nini? Nusu kabati na dakika chache za Jumapili.

Asinyamaze, apoteze wote. Anyamaze, ampoteze mmoja. Kwa hesabu ya kawaida, mtu mwenye akili ananyamaza. Na alishanyamaza mara kumi na moja. Ila mara kumi na moja zile alikuwa hajui.

Jumatano asubuhi, baada ya kulisha, alibeba ngazi. Alijidanganya kwamba labda akizirudisha mapema, Shangazi atasimama kabla ya Ijumaa na hapatakuwa na haja ya kusema lolote. Alianza na upande wa Shangazi. Taa ya kwanza ilimchukua nusu saa, maana ndoano ya zamani ilikuwa ukutani na yeye alikuwa anaitafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta tundu la funguo. Ilipowaka, Shangazi aliinua kichwa. Akapepesa macho. Akamtazama.

Hilo mzee hakulitegemea. Miaka miwili majike walimjua kwa mabuti na kwa sauti. Sasa mmoja wao alikuwa anamwona, na kwa ule mwanga, hata yeye kwa macho yale ya ukungu aliuona uso wake: kope nyeupe, sikio lililochanika, na sura ya mtu aliyeamshwa akiwa na malalamiko.

"Usinitazame hivyo," akamwambia. "Nilikuwa sijui."

Taa ya nne ndiyo iliyomshinda. Aliikosa ndoano mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akaning'iniza taa hewani, na ingeanguka kichwani mwa jike kama mkono mwingine usingeidaka.

"Mzee," sauti ya Mama Vitoto ilitoka chini ya ngazi, "ndoano iko hapo, kubwa kama kidole gumba changu. Umeipiga pembeni mara tatu."

"Nimechoka."

"Saa tatu asubuhi?" Akaiweka taa chini. Akanyanyua vidole vya mkono mmoja. "Vingapi?"

"Mimi si mtoto wa shule."

"Vingapi?"

Mzee akaketi kwenye kipago cha ngazi. Akasema, "Naona mkono. Vidole vimeungana."

 Mama Vitoto akatazama juu ya ujia, kwenye waya zilizobaki zinaning'inia bila taa, akatazama ukutani, kwenye zile ndoano za zamani zenye kutu, na mambo yakajipanga kichwani mwake kama ndoo.

"Ulizihamisha wewe."

"Ndiyo."

"Uone makalio."

"Ndiyo."

"Hospitali walikwambia nini?"

"Mtoto wa jicho. Wanapasua, unarudi siku ileile."

"Sasa kwa nini hukupasua? Uoga wa kisu? Wewe unayetoa vitoto kwa mkono mpaka kwenye kiwiko?"

 Mzee alikuwa anachezea skrubu.

"Walinipa karatasi," akasema. "Ina mistari. Jina, umri, unapoishi, nikajaza. Mstari wa mwisho unasema: jina la mtu atakayekusindikiza na kukurudisha nyumbani. Maana jicho linakuwa limefungwa. Yule muuguzi akasema bila mtu hawapasui. Nikakaa na kalamu. Mwanangu yuko mbali, ana watoto. Shemeji zangu sijawaona tangu msiba. Nikakaa na kalamu mpaka wakafunga dirisha. Nikarudi."

"Ukahamisha taa kumi na mbili."

"Taa hazijazi karatasi."

Mama Vitoto alishika kiuno. Alitaka kusema jambo la kuchekesha, likakwama. Likaja lingine. "Mficha uchi hazai, Mzee. Ila wewe ndiye wa kwanza ninayemjua aliyeficha uchi wake wakakosa kuzaa wengine."

Kisha akapanda ngazi yeye, akatundika ile ya nne. Na ya tano. Na zote zilizobaki. Wakati anashuka alisema, bila kumwangalia, "Kwa Tajiri siendi kukusemea. Hiyo ni ya kwako."

Alhamisi Shangazi hakusimama. Mzee alimbonyeza asubuhi, mchana na jioni. Nguruwe si bomba, ufungulie maji yatoke.

Ijumaa saa nne lori lilirudi nyuma mpaka mlangoni, na Tajiri alikuwa amesimama kwenye kipande cha ubao asichafue viatu. Dereva alishusha mlango wa nyuma. Ikaletwa kamba. Mzee alikuwa amesimama mbele ya kizimba cha Shangazi, mikono nyuma, kama askari wa benki.

"Tajiri, huyu asipande."

"Ana siku ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Basi apande. Mzee, usinianzishie."

"Taa nilizihamisha mimi."

"Taa gani?"

"Hizi. Zilikuwa mbele tangu mwanzo. Nilizileta nyuma miaka miwili iliyopita. Juzi nimezirudisha. Ulimwambia daktari hazijawahi kuhama, na mimi nilikuwepo, nikakuacha useme."

Tajiri akatazama juu, akatazama ukutani. Unaweza kutazama banda lako kila Ijumaa kwa miaka na usilione. Ndivyo ilivyo pia kwa mke, na kwa paa. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya macho yangu. Hayaoni vizuri. Nilihitaji mwanga pale ninapofanyia kazi."

"Wangapi wamepanda lori tangu uhamishe?"

Hakuhitaji daftari. "Kumi na mmoja." Halafu, hakuna aliyemuuliza, akaanza kuwataja. "Mrembo. Mama Kelele. Yule tuliyemwita Mwalimu. Kijiko. Mapacha wawili wa mwaka ule wa mvua. Chausiku. Bi Harusi..." Alikuwa anataja taratibu, kama anayesoma majina ya waliofaulu. Dereva alizima injini, bila kujua kwa nini. "Hawakuwa tasa, Tajiri. Walikuwa wanadhani ni usiku."

Tajiri hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alishuka kwenye ubao wake akakanyaga tope, akaenda mpaka katikati ya ujia, akasimama pale.

"Na mimi nilikusifu," akasema. "Nilisimama pale mlangoni nikakusifu."

Akampigia daktari simu. Daktari alisema wapewe wiki tatu mwanga ukiwa mbele, kisha waamue. Shangazi akabaki. Lori likaondoka tupu, dereva akilalamika kwamba amepoteza asubuhi. Na mzee, kabla ya saa sita, alikuwa ameshatolewa banda la majike. "Sikufukuzi," Tajiri alimwambia. "Ila huku huwezi kurudi na macho hayo. Utakaa stoo ya pumba. Na chumba kile atakaa mwenye banda."

Mwenye banda akawa Mama Vitoto. Mzee alihamia chumba cha karibu na geti, kilometa nzima ya ukimya kutoka kwa majike, ingawa kwa hatua ilikuwa kama mia mbili. Kabati aliliacha. Mashati aliyafunga kwenye mfuko mmoja.

Wewe hujui ukimya mpaka utoke kwenye ukuta unaokoroma. Miaka kumi na tisa alilala akisikia majike wakijigeuza, wakikwaruza vyuma, wakigombana ndotoni. Kule getini hakukuwa na kitu. Magunia hayapumui. Mchana alikuwa akihesabu magunia kwa kuyagusa, anakosea, anarudia. Jumapili mwanawe alipiga. "Nguruwe wazima?" "Wazima," akajibu, kama mtu anayetoa habari za nchi aliyohama. "Nisalimie." Siku hiyo salamu zilibaki mkononi.

Siku ya kumi na mbili Mama Vitoto alitokea mlangoni mwa stoo, anahema.

"Amesimama."

Mzee akaacha gunia. "Vipi? Tuli kabisa, au anatikisa miguu ya nyuma?"

"Tuli. Nimembonyeza, nimemkalia, nimemsema vibaya. Tuli kama meza. Na jirani zake wawili nao wamevimba. Halafu ananitazama, mzee, anageuza shingo ananitazama usoni, mpaka naona haya."

"Masikio?"

"Juu. Lile zima. Lile bovu linajaribu."

Mzee akacheka, halafu akageukia magunia akayapanga yaliyokwisha kupangwa. Mama Vitoto alisimama kidogo. Alikuwa na dume la kupeleka, akaondoka. Alikuwa amekuja mbio kumwambia, na mzee hakumwambia hata asante. Neno lilipomjia, stoo ilikuwa tupu.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, aliomba ruhusa. Alipiga pasi shati. Alipanda basi, akaweka kofia kwenye kiti cha pili. Hospitali ya macho ilikuwa na benchi refu la mbao na watu wawiliwawili: mama na binti, mume na mke, mzee na mjukuu. Yeye alikaa mwisho wa benchi. Karatasi ilikuwa ileile. Alijaza jina, umri, mahali. Pale kwenye mstari wa mwisho akaandika herufi zilizolala ovyo, ambazo hata yeye aliyeziandika hakuweza kuzisoma.

Muuguzi akaisogeza karibu na miwani yake. "Huyu mwenzako ni nani? Yuko wapi?"

"Yuko nje mara moja."

"Mwite. Akija nakuandika kwa mchana huu. Saa nane tunafunga orodha."

Mzee akatoka ukumbini. Ilikuwa saa nne na nusu. Akatoa simu, akabonyeza namba kwa kuhesabu vitufe.

"Nani?" Mama Vitoto alipokea, nyuma yake vyuma vinagongana.

"Mimi. Nilitaka kujua Shangazi ameamkaje."

"Ameamka anagomba. Umepiga kwa hilo?"

"Ndiyo. Basi. Haya."

"Subiri. Mbona nasikia watu wanaitwa majina? Uko wapi?"

"Hospitali ya macho."

"Aa. Umekwenda. Vizuri." Vyuma vikanyamaza. "Umekwenda na nani?"

Mzee akageukia ukuta. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe mpaka nusu, kijani mpaka chini, na yeye aliiona kama maziwa yaliyomwagikia nyasi.

"Na nani, Mzee?"

"Na wewe," akasema. "Kama una nafasi."

 Yakaja matusi, mengi, yaliyopangwa vizuri: kwamba mtu mzima haombi jambo la juzi leo, kwamba yeye ana majike watatu wa kupandishwa, kwamba amejaa mavi mpaka magotini, kwamba basi la saa tano halisubiri mjane, kwamba Tajiri atamla nyama, kwamba angejua ana akili hizi angeiacha ile taa ianguke. Simu ikakatika katikati ya neno. Mzee hakujua kama imekatwa au imeishiwa chaji.

Akarudi kwenye benchi. Watu waliitwa, waliingia, walitoka jicho moja limefungwa, wameshikwa mkono. Benchi likapungua. Saa sita ikapita. Muuguzi alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, huyo mwenzako?"

Mzee akainua uso upande wa mlango, ambako kwake yeye kulikuwa na mwanga tu, mweupe, usio na mtu ndani yake bado.

"Anavua mabuti," akasema.